Nimekwangua Jina Lako Kwenye Kibao

Mwaitu,

Kabla hujasikia kwa mtu mwingine, mama yangu, sikia kwangu. Mimi ndiye niliyekwangua jina lako kwenye kibao. Nilikwangua Alhamisi mchana, hapa uani, watu wakipita njiani na kuniona, na sijajuta. Mama mdogo Syombua amezunguka soko lote la Muthetheni akisema nimemfuta dada yake. Kama huko uliko habari hufika, basi yake imeshafika, na najua ametia chumvi. Kwa hivyo kaa kidogo nikueleze mwenyewe, binti yako.

Tulipomaliza kukuzika, wageni wakiwa bado wanakunja viti, mwanao Mutua aliingia chumba cha kushonea akachukua kibao chako cha kulazia mishono. Nilimwona. Nilidhani anataka tu kukishika, jinsi mimi nilivyokuwa nimeshika miwani yako siku nzima. Alikifunga kwa taulo akaondoka nacho hadi Konza, huko kwenye kazi yake ya ujenzi. Sikumuuliza kitu. Siku hizo mtu angeniomba hata paa la nyumba ningemwambia achukue.

Pasaka akarudi nacho ndani ya boksi. Alituambia mimi na Baba tukae chini, akafungua polepole kama anayefungua keki. Mwaitu, kilikuwa kinang'aa. Alikuwa amekipeleka kwa seremala mmoja Machakos mjini, yule wa kutengeneza vikombe vya mashindano ya shule na vibao vya milango ya ofisi. Kilikuwa kimepakwa vanishi kutoka mwisho hadi mwisho, ungeweza kuona meno yako ndani yake. Kwenye tumbo lake lile bapa walikuwa wamechonga jina lako lote, mwaka uliozaliwa na mwaka uliokufa, na chini yake PUMZIKA KWA AMANI. Pembeni, ua jekundu la rangi. Mutua akapiga msumari ukutani, juu ya televisheni, akakitundika chini ya picha yako na maua ya plastiki.

Baba alisema asante. Na mimi nilisema asante. Mutua akalia mbele yetu, mwanamume mzima, nikamshika bega. Sitaki umwone mbaya. Hajawahi kushona hata kifungo, lakini maisha yake yote alikuona na kitu hicho mkononi, na alipotaka kubaki na kipande chako, alichukua hicho. Alikifanya kizuri kwa jinsi anavyojua uzuri.

Ila alikiua.

Wewe unakijua kuliko mimi, lakini wacha nikieleze, kwa sababu mwaka huu nimekieleza kwa watu wengi na wote walikuwa wakiniangalia kama mtu aliyechanganyikiwa na matanga. Babu alikikata kutoka kwa nira ya ng'ombe iliyovunjika, mti uliokauka juani miaka na miaka mpaka ukawa mgumu kama mfupa. Mgongo akauchonga mviringo ili mkono ushike, tumbo akalifanya bapa kabisa. Hakukipaka hata tone la mafuta. Na hapo ndipo kazi yake yote ilipo. Unalowesha mshono, unapitisha pasi ya moto, unaondoa pasi haraka, na kabla mvuke haujatoroka unaweka kibao juu na kukiegemea kwa uzito wako wote mpaka kitambaa kipoe. Mti ulio uchi unakunywa ule mvuke. Joto linabaki chini. Ukiinua, mshono umelala na haujui tena kuamka. Mti wenye vanishi haunywi kitu. Unatoa jasho tu, na rangi yake inashuka kwenye kitambaa.

Nilipoanza kujifunza nilikuwa nakipiga nacho kitambaa, pa pa pa, nikidhani ni nguvu inayotakiwa. Ulinishika mkono. "Usichape, haijakukosea. Ilalie." Nikakilalia kibao, na wewe ukaanza kusali. Hiyo ilikuwa saa yako. Salamu Maria kwa mshono mwembamba. Nasadiki nzima, bila kuruka neno, mahali viraka vinapokutana na kitambaa kinakuwa kinene. Wateja waliosimama mlangoni walidhani ni ucha Mungu. Hata katekista siku moja alivua kofia akasubiri umalize, na ulipofika amina ukamwuliza kama mikono ya shati anataka mirefu au mifupi. Alipokuambia kwamba sala si ya kupimia nguo, ukamjibu, "Kwani Mungu hasikii mtu akiwa na kazi mkononi?" Nilicheka mpaka nikajidunga sindano.

Basi. Mwaka huu nimeshona bila hicho kibao.

Sikufunga duka. Sikufunga hata wiki moja, na kuna walionisema kwa hilo pia. Magunia ya mabaki ya vitambaa bado yanakuja kutoka viwanda vya nguo vya Athi River, na mimi bado nayamwaga sakafuni na kuchagua rangi nikiwa nimepiga magoti ulivyonifundisha. Mfarishi wangu wa kwanza, blanketi ya viraka niliyoishona peke yangu, ulikuwa wa harusi ya binti wa Mama Mwende, yule rafiki yako wa kwaya ambaye ulimshonea blanketi mbili za viraka na bado anazitandika. Kwa kukosa kibao nilifunga tofali kwa kitambaa nikalaza juu ya mishono. Tofali likawa zito vizuri lakini likaacha unyevu, na mishono ikaamka kabla sijakunja. Nikanunua ubao mpya kwenye duka la hadwea. Ukatoa utomvu, ukaacha alama ya manjano kwenye kiraka cheupe cha katikati, nikafumua nikashona upya.

Mama Mwende aliukunjua juu ya kaunta, akapitisha kiganja. "Nduku, mbona imevimba hivi? Ya mama yako ilikuwa inalala." Hakusema kwa ubaya. Aliuchukua kwa sababu harusi ilikuwa karibu. Lakini baada yake walikuja wengine, wanashika, wanapapasa, wanaguna kidogo, halafu wanasema, "Mama alikuwa fundi, woi," na wanaenda zao. Kila mmoja ananihurumia. Ningependelea wanitukane. Walikuwa wameshaamua kwamba kazi hii ilizikwa na wewe, na mimi nimebaki kulinda cherehani isiibwe.

Utaniuliza kwa nini sikutafuta mti mwingine. Nilitafuta. Mafundi wa hapa walinionyesha mbao mbichi ambazo zingehitaji misimu mingi kukauka. Na hata wangekuwa nazo kavu, Mwaitu, kwa nini nizunguke nchi nzima nikitafuta kitu ambacho kiko ukutani kwetu, juu ya televisheni, kikitazama taarifa ya habari?

Nilimpigia Mutua simu. Nilimwomba vizuri, kwa sauti ile ya kuomba. Akasema, "Hiyo si kitu ya kazi tena, Nduku. Hiyo ni mama."

Nikamwambia, "Mama hakuwa mtu wa kukaa ukutani." Akakata simu.

Alipokuja nyumbani nikamwomba tena. Akaahidi kuniletea pasi ya mvuke kutoka Nairobi, ile kubwa kuliko zote. Nikamweleza kwamba sina shida na pasi, shida yangu huanza pasi ikiondoka. Akaniambia nimekuwa na moyo mgumu. Mama mdogo alikuwepo, akatingisha kichwa pamoja naye. Kwa hivyo wasije wakakuambia niliamka tu nikavamia ukuta. Niliomba kwanza, na nikaomba tena.

Sasa, misa yako ya ukumbusho ilikuwa Jumamosi iliyopita. Mwanzo wa wiki hiyo Mama Mwende alipita dukani. Binti yake anatarajia mtoto, na alitaka blanketi ndogo ya viraka. Alinieleza rangi alizozitaka, halafu akajishika mdomo, akanigusa mkono na kusema, "Lakini usijali, mwanangu. Nitaangalia tu Machakos mjini." Mwaitu, lile "usijali" lilinichoma kuliko yote. Nilijisikia nikisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Niachie mimi. Jumamosi kwa ukumbusho nitaitandika mbele ya watu wote. Kama haijalala, sema hapo hapo, na mimi nitauza cherehani." Alishtuka. Na mimi nilishtuka. Lakini neno likishatoka limetoka, na wanawake wa kwaya walikuwa mlangoni wakisikia.

Alhamisi nikapanda juu ya kiti nikakishusha kibao.

Baba alikuwa barazani akipukuchua mbaazi. Alinitazama nikipita nacho, akaendelea kupukuchua. Nilikaa uani juu ya kigoda, nikavunja chupa, nikaanza kukwangua vanishi kwa kipande cha kioo jinsi maseremala wanavyofanya. Ilitoka vizuri, vipande vidogo vya manjano. Ua jekundu lilitoka kwanza na sikulisikitikia. Hujawahi kupenda waridi, ulisema linataka maji mengi kuliko ng'ombe. Kisha nikashika msasa. PUMZIKA KWA AMANI haikuwa imechongwa kwa kina, ikaisha mapema. Wewe wa kupumzika wapi? Wewe ambaye hata Krismasi tulikukuta na uzi mdomoni?

Jina nililiacha. Nataka ulijue hilo. Nilisugua vanishi hadi ikaisha, mti ukabaki mweupe na mkavu, na ndani yake jina lako na miaka yako viko palepale. Nilitaka vikae.

Mama mdogo akaingia uani wakati huo na sufuria kichwani, ile kubwa ya pilau ya Jumamosi. "Ngai! Nduku! Unakwangua mama yako?"

"Jina nimeliacha, mama mdogo. Tazama."

Akatua sufuria, akakaa juu yake, akakunja mikono kama askari wa benki. Alikuwa ameamua kulilinda lile jina.

Nikaingia ndani na mabaki ya kitambaa cheupe nijaribu. Nikalowesha, nikapitisha pasi, nikalaza kibao, nikaegemea, nikasali. Nilipoinua, mshono ulikuwa umelala, Mwaitu. Ulikuwa umelala kabisa, kama wako, nikapitisha kidole na sikuona pale kitambaa kimoja kinapoishia na kingine kuanzia. Na juu yake kulikuwa na jina lako. Herufi zilikuwa zimejichapa kwenye kitambaa, zikitazama nyuma, pamoja na mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa.

Mama mdogo, aliyekuwa amenifuata ndani, alipiga makofi akaanza kulia. "Ameongea! Dada yangu ameongea! Sasa hiyo usiguse tena."

Nikakitazama kile kitambaa kwa muda. Sitakudanganya, kilinivuta. Ningeweza kukikunja nikakiweka chini ya mto. Lakini nilimfikiria yule mtoto ambaye hata hajazaliwa, na kwenye kila kiraka atakacholalia kuna mwaka wa kifo cha mtu. Nikafikiria kila mfarishi utakaotoka mlangoni mwangu umepigwa muhuri wa kaburi. Watu walikuwa tayari wanakuja dukani kuomboleza. Nilitaka waje kununua.

Nikaenda kwa seremala jirani nikaazima randa.

Hiyo ilikuwa ngumu, na sitajifanya jasiri. Vanishi ilikuwa ya fundi wa mjini, lakini jina lilikuwa lako. Nilianza na mwaka wa kufa, huo niliusukuma kwa hasira na nikafurahi ulipokatika. Halafu mwaka wa kuzaliwa. Halafu herufi zako, kutoka mwisho kurudi mwanzo. Nililia mpaka makamasi yakaniingia mdomoni, na sikuacha kusukuma. Maranda yalikuwa yanajikunja na kuanguka miguuni, mengine yana nusu ya herufi. Mama mdogo alikuwa akipiga kelele kwamba sina damu, kwamba hata wanyama hawafanyi hivyo. Baba aliacha mbaazi akaja kusimama karibu nami. Nilidhani ataninyang'anya. Alisema tu, "Shika vizuri, usijikate."

Mama mdogo aliacha sufuria yake pale pale akaenda sokoni. Mengine umeshayasikia.

Ijumaa nilishona kutwa. Jumamosi asubuhi nilikuwa na mshono wa mwisho, ule wa ukingo, Mutua alipofika. Nilisikia pikipiki ikizima, nikasikia hatua zake sebuleni, halafu zikakoma. Alikuwa ameuona msumari mtupu. Akaja akasimama mlangoni mwa chumba cha kushonea.

"Iko wapi?"

Ilikuwa chini ya mikono yangu. Nilikuwa ndio kwanza nimeondoa pasi, mshono una moto, na ningeinua ningeuharibu. Kwa hivyo sikuinua. Nilimtazama machoni nikaendelea na Nasadiki yangu kwa sauti, tangu mwanzo, polepole, na sikuruka neno. Yeye alisimama. Nadhani alikuja kunipiga, lakini nani atampiga mtu akiwa katikati ya Nasadiki? Nilipofika amina nikainua kibao nikampa mkononi.

Alikigeuza. Akatafuta kwa kidole gumba mahali jina lilipokuwa, akapapasa hapa, akapapasa pale. "Umetoa mama," akasema.

"Nimemtoa ukutani."

Alikirudisha mezani taratibu, nampa sifa yake kwa hilo. Maranda nilikuwa nimeyafagia nikayaweka nyuma ya mlango, sikujua ninayawekea nini. Akayaona. Akachuchumaa na suruali yake ya misa, akatandaza kitambaa cha mfukoni, akayaokota yote, hata yale madogo kama vumbi, akafunga fundo. Hakuniambia anayapeleka wapi na mimi sikuuliza. Ana ukumbusho wake na mimi nina kibao changu. Kwenye misa alikaa upande wa pili wa kanisa. Mpaka leo hajaniongelesha, ila ametuma neno kupitia kwa mama mdogo kwamba nisiiguse picha. Picha sina shida nayo. Picha haijawahi kunyoosha mshono.

Baada ya chakula, watu wakiwa wamekaa kwenye hema, nililetewa meza katikati. Wote walikuwa wameshasikia. Nilipita nikiwa nimebeba ile blanketi ndogo na hakuna aliyenisalimia. Niliona hata wanawake wa kwaya wakitazama sahani zao. Nilitembea katikati, sikupita pembeni. Nikaitandika. Mama Mwende akainuka. Alipapasa kwenda, akapapasa kurudi. Akaigeuza upande wa nyuma akapapasa tena. Halafu akainama akaweka shavu juu yake, mbele ya watu wote, akafumba macho.

"Nduku," akasema, "hii imelala."

Hakukutaja. Hakusema kama ya mama yako, hakusema woi, hakunihurumia. Aliikunja akaiweka kwenye mkoba wake, akaniuliza kama naweza kumtengenezea nyingine ya kitanda kikubwa. Na mimi nilifurahi, Mwaitu. Nilifurahi kwamba hukutajwa, siku yako mwenyewe, kwenye ukumbusho wako. Kama hilo litakuuma nisamehe, na kama hunisamehe pia nitaishi. Nakukosa kila siku. Nakukosa nikitia uzi kwenye sindano, nikichuja chai, nikimsikia Baba akikohoa peke yake asubuhi. Lakini sitakaa chini ya picha yako nikunje mikono ili watu waone jinsi ninavyokukosa.

Sasa nikuage, kwa sababu Mama Mwende ameleta vitambaa vyake.

Ahadi yangu ni moja. Kibao hiki kitafanya kazi mpaka kiishe. Nitakilalia mpaka kiwe chembamba kama kijiti, na mikono yangu itakuwa imeingia kwenye mgongo wake palepale yako ilipokuwa. Mtu yeyote akija hapa na brashi ya vanishi, awe ndugu yangu, awe padre, nitamfukuza na mkasi. Na siku kitakapopasuka, sitakifunga kwa utepe wala kukiwekea maua. Nitakichanja kwa shoka, nitakoka moto, nitakipikia muthokoi sufuria nzima, nimwite Baba, nimwite mama mdogo, nimwite hata Mutua, tule tushibe.

Ukutani hakirudi.

Kwaheri, Mwaitu.

Nduku